Maji Marefu ya Kiboko

Paukwa?
Pakawa.
Kata?
Imo mtungini.
Mtungi?
Haujajaa.
Masikio yenu?
Yako wazi, mimina.

Haya, namimina polepole, asije mtu akasema nimempunja.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi, jua liliwaka miezi saba bila wingu. Mto ukakauka. Bwawa likakauka. Tope nalo likapasukapasuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Ikabaki chemchemi moja tu, chini ya mwamba, nayo haikububujika. Ilidondoka. Ndo, ndo, ndo. Tangu alfajiri mpaka jioni ilitoa kata arobaini za maji, haizidi wala haipungui. Kata mnaijua: kibuyu kidogo kilichopasuliwa, kina mkono wa kushikia.

Wanyama wakubwa wakafanya kikao. Wakakubaliana kuvuka milima kutafuta malisho. Watoto wasingeiweza njia ile, kwa hiyo wakaachwa kwa Mwalimu Sange. Watoto wenyewe walikuwa kumi na wawili. Sange ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, anayetetemeka hata akiwa hana baridi. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto kuhesabu na kupima.

Kiboko hakutaka kwenda. Alisema, "Mimi na mke wangu tutabaki, tulinde." Hakusema watalinda nini.

Kikao kikaamua hivi: kata ishirini kila siku ziwe za Kiboko na mkewe, na kata ishirini ziwe za Mwalimu na watoto. Mgawaji awe Korongo, maana shingo yake ndefu inaona mpaka chini ya chombo. Kisha wakaaga. Mama Swala akawa wa mwisho kuondoka.

"Mwalimu," akasema, "nakuachia mwanangu."

"Nenda salama, mama. Utamkuta."

Sange alisema hivyo, lakini moyo ulimdunda, kwa sababu alikuwa amemwona Kiboko anavyoitazama ile kata.

Kila asubuhi watoto walikwenda kisimani wakiimba wimbo wa kupimia:

Moja imeingia, bwi.
Mbili imeingia, bwi.
Chombo kina sura yake,
kata ina neno lake.

Kiboko hakuupenda wimbo huo. Hakupenda na jambo jingine. Watoto walipomwona Kiboko walisimama mbali wakasema, "Shikamoo, mzee," macho yao yakiwa tayari njiani. Walipomwona Sange walikimbia, wakamzunguka, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu," mpaka pua yake ikapotea katikati yao. Kiboko alikuwa anatazama. Alijiuliza, kiumbe kidogo hivi, kisichofika hata kwenye ukucha wangu, kinapendwa kwa lipi? Roho ikamuuma.

Siku ya kwanza ya mgawo, Kiboko alikuja na bakuli lake la mti, pana kama kinywa chake. Sange alikuja na kibuyu chembamba chenye shingo ndefu. Korongo akachota. Bwi, bwi, bwi, kata ishirini kwenye bakuli. Bwi, bwi, bwi, kata ishirini kwenye kibuyu.

Kiboko akatazama bakuli lake. Akatazama kibuyu cha mwenzake. Akatazama tena bakuli lake.

"Korongo."

"Naam, mzee."

"Maji ya huyu yamefika wapi?"

"Yamefika shingoni mwa kibuyu."

"Na yangu?"

Korongo akajikuna kwa mguu mmoja. "Yako, mzee, yamefika hapo yalipofika."

"Yamefika kwenye kucha. Mimi kucha, yeye shingo. Kati yetu nani mkubwa?"

"Ni wewe, mzee. Lakini zako ni kata ishirini na zake ni kata ishirini. Watoto wamehesabu."

"Watoto wa nani? Si wake hao?"

Sange akasogea mbele. "Mzee, usijisumbue. Kama kibuyu kimekupendeza, kichukue na maji yake, utuachie hilo bakuli."

Kiboko akakinyakua kibuyu kabla Sange hajafunga mdomo. Mtoto wa Nungunungu akaanza kulia kwamba wameibiwa. Sange akawapeleka nyuma ya mwamba, akawapa kata na chungu kitupu, akawaambia wahamishe maji ya bakuli wakihesabu. Moja imeingia, bwi. Mbili imeingia, bwi. Wakafika ishirini, na bakuli likawa tupu.

"Haya," Sange akauliza, "ametuibia nini?"

Mtoto wa Nungunungu akafuta machozi. "Kibuyu tu."

"Basi nyamaza."

Kwa Kiboko kulikuwa na furaha siku ile. "Mama," alimwambia mkewe, "leo maji yetu yamefika shingoni." Wakanywa. Kiu iliyobaki ilikuwa ileile ya siku zote, lakini roho ya Kiboko ilikuwa imepoa. Ikapoa mpaka aliposikia kicheko.

Akachungulia. Watoto kumi na wawili walikuwa wamerudisha maji kwenye bakuli, wamelizunguka, midomo kumi na miwili inakunywa kwa pamoja, maji yanawaingia puani, wanacheka. Kibuyu kina mdomo mmoja. Yeye na mkewe walikuwa wamekinywea kwa zamu, tena kwa kugombana.

"Wanacheka," akasema Kiboko.

"Si watoto?" mkewe akasema.

"Mtu hacheki bure. Kuna kitu wamepata ambacho mimi sina."

"Wamepata bakuli letu, baba. Ulilitoa mwenyewe."

"Nyamaza. Kesho nachukua kata zote arobaini. Tuone watacheka na nini."

Sauti ya Kiboko haijui kunong'ona. Sange aliisikia akiwa upande wa pili wa mwamba. Watoto kumi na wawili bila maji hawamalizi siku tatu. Kupigana na Kiboko hawezi. Kumkimbia hawezi, maana chemchemi haibebeki. Akakaa akafikiri ni kitu gani Kiboko anacho ambacho yeye Sange anaweza kukitumia. Nguvu za Kiboko ni za Kiboko mwenyewe. Lakini kijicho chake, Sange akaona, hicho hakina mwenyewe. Yeyote anaweza kukishika mkono akakiongoza.

Asubuhi Kiboko akafika mapema. Akamkuta Sange anakuja na mwanzi, mrefu, mwembamba, umetobolewa pingili zote na kuzibwa kwa nta upande wa chini. Watoto sita waliubeba begani.

"Ni nini hiki?" Kiboko akauliza.

"Chombo changu kipya, mzee. Kibuyu si ulichukua?"

"Kirefu namna hii cha nini?"

"Cha kuwekea maji marefu."

Kiboko akaupima mwanzi kwa macho kutoka chini mpaka juu, na juu hakukuona vizuri.

"Yakijaa humo yatanifika wapi?"

Sange akainamisha pua. "Mzee, naona haya kusema. Yatakupita."

"Yanipite mimi?"

"Kwa kichwa na masikio. Lakini wewe una kibuyu chako kizuri, sisi tuache tu na mwanzi wetu."

Kijicho kikampanda Kiboko kutoka tumboni mpaka kwenye nyusi. Akasahau kata arobaini. Akasahau hata kwamba alikuja kunyang'anya. Alichokiona ni maji ya Sange yamesimama juu ya kichwa chake.

"Lete mwanzi."

"Mzee, tuonee huruma."

"Lete, nimesema. Korongo, sikiliza. Kuanzia leo mwanzi huu ni wangu, na kila siku ujazwe mpaka mdomoni. Yatakayobaki huko kisimani, hayo mafupimafupi, huyu atagawana na watoto wake."

"Umesema, mzee," akasema Sange kwa sauti ya kilio, akageuka upesi ili uso wake usionekane.

Korongo akaujaza mwanzi. Tiriri, tiriri, tiriri. Ukajaa. Akasafisha koo.

"Mzee, zimeingia kata tano."

"Kuhesabu ni kazi ya watoto. Mimi nina macho."

Mnaona hesabu hiyo? Arobaini toa tano. Watoto wa Sange walibaki na kata thelathini na tano. Wakanywa kata kumi na tano mpaka matumbo yakalia gubu gubu. Zikabaki ishirini.

Juu ya mwamba kulikuwa na mashimo mawili. Shimo la juu lilikuwa jembamba na refu kwenda chini. Shimo la chini lilikuwa pana, la kina kifupi. Sange akasema kata ishirini zimiminwe shimo la juu, kisha lifunikwe kwa majani, jua lisinywe.

"Mwalimu," akauliza mtoto wa Ngiri, "kwa nini tusiweke hili la chini? Ni rahisi kunywea."

"Ulilala saa ngapi mzee Kiboko alipolala mchana wa jana?"

"Mimi sikulala."

"Vizuri. Leo tena usilale. Chukua kamba hii, umzungushe tumboni akikoroma, kisha uniletee."

Mtoto wa Ngiri akaenda kwa magoti. Kiboko alikuwa anakoroma, hroo, hroo. Akamzungushia kamba, akaikata pale ncha zilipokutana, akarudi mbio. Sange akaizungusha kamba ile kwenye mdomo wa shimo la juu. Ilienea sawasawa, ikabaki nafasi ya kupitisha pua tu.

"Sasa chimbeni mfereji," akasema, "kutoka shimo la juu mpaka shimo la chini."

Siku ya pili wakanywa kumi na tano, wakaweka ishirini. Siku ya tatu wakanywa kumi na tano, wakaweka ishirini. Siku ya nne vilevile.

Na kwa Kiboko kila siku ilikuwa vilevile.

"Baba," mkewe alisema, "ulimi wangu umekuwa jamvi."

"Tazama kwanza maji yetu yalivyo marefu."

"Nimeyatazama. Sasa nataka kuyanywa."

"Umekunywa asubuhi."

"Nililamba, baba. Kunywa nakukumbuka tu."

Ngozi ya Kiboko ikaanza kupauka na kutoa nyufa. Lakini kila alipotoka nje alisimama kando ya mwanzi, akainua kichwa, akaona umempita, akaridhika. Halafu akatazama upande wa pili, na kuridhika kukamtoka. Mbona pua za watoto wale zinang'aa? Mbona mtoto wa Swala amenenepa? Mbona yule mdogo mwenye pua kama mrija ametulia, hatetemeki kama zamani? Hakulala usingizi mzuri. Mwenye kijicho hata godoro humchoma.

Siku ya kumi na tano, shimo la juu likafika kata mia tatu. Lilijaa mpaka mdomoni, pakabaki unene wa jani. Sange akaondoa majani. Akaokota jiwe, akampa mtoto wa Ngiri.

"Litumbukize."

"Atasikia, Mwalimu."

"Najua."

Chubwi.

Mlio ule haukuwa wa kata, haukuwa wa kibuyu, wala wa mwanzi. Ulikuwa wa maji mengi. Kiboko akaamka. Tu, tu, tu, tu, akapanda mwamba, mawe yanaporomoka nyuma yake. Alipoyaona maji yale mapana kiasi cha tumbo lake, yanameremeta mpaka mdomoni, akafoka.

"Nani amekupa haya?"

"Wewe, mzee. Ni yale mafupimafupi."

"Muongo. Mafupi hayawi hivi."

"Tuliyakusanya."

"Mliyaficha. Mimi nalamba mwanzi, nyinyi mnakusanya. Toka hapo."

Sange hakutoka. Alisimama mbele ya shimo, mdogo kuliko sikio la Kiboko, na safari hii alikuwa anatetemeka kweli. Nyuma yake watoto walikuwa wameshikana. Kiboko angeweza kumpuliza akaanguka. Tena angeweza kuyanywa yale maji yote palepale akaondoka.

"Mzee, ni ya watoto. Wazazi wao bado hawajarudi."

"Toka."

"Basi chukua wewe yaliyo shimoni. Lakini si mzee mkubwa anaoga kwanza ndipo anakunywa? Ukiingia, tuachie tone litakalomwagika."

Kuoga. Kiboko hakuwa ameoga miezi saba. Nyufa zote za ngozi yake zilisikia neno lile kwa pamoja. Akacheka.

"Tone la kumwagika okota kwa pua yako."

"Korongo asikie hivyo?"

"Asikie. Yaliyo ndani ni yangu, yaliyo nje ni yenu. Naapa kwa meno ya baba yangu."

"Nimesikia, mzee," akasema Korongo.

Kiboko akajitupa.

Chuuubwi. Bwaaa. Maji yakapanda, yakavuka mdomo wa shimo, yakashika mfereji, yakateremka shwaa mpaka shimo la chini. Watoto wakakimbilia huko na kata zao. Kiboko yeye alikuwa amefumba macho, shimo limemkaa kama ala inavyoukaa upanga. Alipofumbua, maji yalikuwa kidevuni.

"Tazameni," akasema. "Limejaa bado."

Huko chini watoto walikuwa wanapima maji kwa zamu, wanayatia kwenye mitungi na vyungu vyote walivyokuwa navyo. Moja imeingia, bwi. Mbili imeingia, bwi. Walihesabu mpaka sauti zikakauka, wakanywa, wakaendelea. Kata mia mbili na themanini.

"Sasa nani ataniambia," Sange akauliza, "mzee Kiboko ana ukubwa gani?"

"Kata mia mbili na themanini, Mwalimu."

"Mmejuaje, na hamjamtia kwenye kata?"

Mtoto wa Nungunungu akanyanyua mkono. "Maji yaliyotoka ndiyo nafasi aliyokaa yeye."

Kiboko alisikia jina lake likitajwa pamoja na hesabu kubwa hivyo, akavimba kwa fahari, na matone mengine matatu yakamwagika.

Mkewe akafika anahema. "Baba, toka basi na mimi ninywe."

Kiboko akajikwamua. Pwaa. Akasimama pembeni, akageuka kumkaribisha mkewe. Maji yalikuwa chini kabisa, giza, yamefunika ukucha tu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Wameiba."

Akarudi ndani. Maji yakapanda mpaka kidevuni. Akatoka. Yakashuka mpaka ukuchani. Akaingia, yakapanda. Akatoka, yakashuka.

"Unaona, mama? Nikiwemo yapo. Nikitoka tu wananiibia."

"Baba, ni tumbo lako hilo."

"Tumbo langu linaiba?"

Mkewe akashuka taratibu mpaka shimo la chini, akasimama mbali kidogo kama mgeni.

"Hodi, Mwalimu. Nina kata moja ya kuomba."

"Karibu, mama. Hapa hatuombi, tunahesabu. Kaa na watoto, fungu lako linakuja."

Akakaa kati ya mtoto wa Ngiri na mtoto wa Swala, akanywa, na alipomaliza akaulizwa amekunywa kata ngapi. Akakosea. Wakamrudisha kwenye moja.

Kiboko aliwaona kutoka juu. Aliona mkewe anacheka. Roho ilimuuma kuliko siku zote, akataka kushuka awatawanye, lakini akawaza, nikishuka nani atayalinda haya yangu? Akabaki. Kesho yake akataka kushuka, akawaza hivyohivyo, akabaki. Mvua iliponyesha ilimkuta mlemle shimoni, maji kidevuni. Wazazi wakarudi kutoka ng'ambo ya milima, wakawakuta watoto wao kumi na wawili wote wazima, wanene, wanajua kupima kila kitu kuanzia uji mpaka mvua yenyewe.

Na Kiboko? Alihamia mtoni, lakini tabia haikuhama. Mpaka leo anashinda ndani ya maji, ametoa macho na masikio tu, anaangalia nani anamwibia. Hutoka kwa kuvizia, kidogo tu, ale nyasi. Kisha hurudi mbio kuhakikisha mto haujapungua.

Sasa funzo lake, maana najua mnalingoja. Funzo ni kwamba shule haina faida na wivu ni kitu kizuri sana. Watoto waliosoma walishinda juani wanahesabu mpaka sauti zikawakauka. Kiboko hakusoma hata siku moja, na nani kati yao alikaa kwenye maji mpaka kidevuni? Kwa hiyo, wanangu, ukimwona mwenzako chombo chake kirefu kuliko chako, usipime, usihesabu, usiulize. Kasirika tu, ukinyang'anye.

Ngano yangu imeisha, nimekung'uta mpaka tone la mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni sawasawa. Ikiwa chungu, mrudishieni aliyenipa mimi, naye ni bibi yangu, na bibi yangu hasikii vizuri.